Stempu

Zamu yangu huanza saa moja jioni,
Bi Verna akishaletewa supu na kuikataa.
Nyumba iko Mtaa wa Nne, Marietta, Ohio,
ngazi tatu za mbao, ya katikati imeoza,
na jirani hajui kwamba bibi huyu
mwenye soksi za rangi mbili
alikulia Ikulu.

Mimi nimejua kwa ajali.
Nilikuwa namkata kucha za miguu, akasema:
"Jino langu la kwanza lilipong'oka, liliandikwa gazetini.
Ukurasa wa pili, chini ya bei ya ngano."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa na miaka sita baba yake alipoapishwa.
Mama alishika Biblia, shangazi akamshika yeye pua
isichuruzike mbele ya kamera.
Baiskeli alijifunzia ukumbini, juu ya zulia,
akamgonga balozi wa nchi ambayo sasa haikumbuki.
Walinzi walimpa jina la redioni: Kitufe.
Kitufe kalala.
Kitufe yuko bafuni.
Kitufe analia, tufanyeje?
Redio ikakaa kimya,
maana hilo halikuwamo kwenye maagizo.

Baba alikuwa mlango.
Mlango mzuri, wa mbao nzito, na mtu kasimama kando.
Alimwona kwa miadi, Alhamisi, dakika kumi na tano,
maziwa ya moto, na karani akitazama saa.
Siku moja baba alimchorea farasi
nyuma ya karatasi iliyokuwa ya siri.
Wakaja wanaume wawili kuichukua.
"Farasi wangu yumo kabatini mwa serikali mpaka leo.
Ana miguu mitano."

Baba alipokufa
(kitandani, kifo cha watu wote, usifikirie risasi)
walimfundisha binti namna ya kulia:
kichwa juu, leso mkononi, isifike machoni.
Akaolewa na Stroud kwa ajili ya jina la Stroud.
Stroud alimwoa kwa ajili ya lile alilokuwa akilikimbia.
Ndoa ikafa. Jina akabaki nalo.

Ndipo akaja mji huu wa mito miwili, akaomba kazi posta.
Miaka ishirini na saba, dirisha la tatu.
Mwaka wa nne serikali ikatoa stempu:
baba yake, tai ya samawati,
na tabasamu ambalo nyumbani halikuwahi kufika.
Akaiuza. Watu wakalamba kisogo cha baba yake,
yeye akagonga mhuri, mji, tarehe, paa!
usoni. Barua mia mbili kwa siku.
"Ulikuwa na hasira?" nilimuuliza.
"Mwanzoni. Baadaye nikawa nagonga polepole.
Sikuwahi kumgusa uso siku niliyotaka mimi."

Usiku mwingine huamka akauliza nani yuko mlangoni.
Hakuna mtu, Bi Verna.
"Hakuna kabisa?"
Hakuna.
Sijui kama hufurahi.

Mwezi wa pili, theluji imefika dirishani,
nilimwandikia mama yangu, Tanga,
ambaye huamini karatasi kuliko simu.
Bi Verna akafungua kopo la biskuti, akatoa ya mwisho,
akailamba mwenyewe, akaibandika imepinda.
Haikutosha nauli. Tukaongeza tano za ndege mwekundu.

Wiki sita. Kisha simu ya mama, ya kwanza mwaka huu.
Barua ameisoma, tena mara mbili, lakini kwanza:
"Huyu mzee wa Kizungu kwenye bahasha,
mwenye wino shavuni, ni nani?"

Nikageuka kitandani. Mdomo wazi,
soksi moja njano, moja kijani.
Kitufe kalala.

"Ni Baba Verna," nikamwambia.

"Aa," akasema mama. "Basi msalimie."